Vidole Vinne vya Saruji

Kanuni ya Mama Kipimo ilikuwa moja: namba ikishaandikwa ubaoni haifutwi mpaka kesho yake asubuhi, atakaposhuka tena mtoni na kuusoma upya. Haikufutwa kwa machozi, haikufutwa kwa mbuzi, haikufutwa kwa barua yenye muhuri. Mwaka mmoja mheshimiwa fulani alileta wageni kuuona mfereji, na mpambe wake akamwomba Mama Kipimo afungue malango yote kwa nusu saa tu, wageni wayaone maji yakicheka. Mama Kipimo alimwonyesha ubao kwa kidole. Mpambe akasema, "Mama, hii ni kwa ajili ya picha." Naye akajibu, "Basi wapigeni picha wakiwa wanasoma ubao." Wakapiga.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu kama ukuni wa mwaka jana, mjane wa miaka hamsini na minne, mwenye mabuti ya mpira ya kiume yaliyomfika magotini. Kazi yake ilikuwa kugawa maji ya mfereji wa ushirika wa wakulima. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi alishuka kwenye banio, ule ukuta mnene wa zege unaoukatiza mto na kuulazimisha uinue kichwa uingie mferejini. Pale palisimama nguzo iliyochorwa namba kutoka sifuri hadi mia, na kwenye arobaini palipakwa mstari mwekundu. Alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na uso wa maji, akasoma, akasoma tena. Kisha alipanda hadi kwenye ofisi ya ushirika na kuiandika namba kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa nje ya mlango. Ufunguo wa malango yote aliuvaa shingoni kwa kamba ya katani, ndani ya blauzi, na wakulima walisema kwamba ukitaka kuupata itabidi kwanza umwoe.

Kutoka mashamba yaliyomwagiliwa na mfereji ule hakupokea hata jani. Siku moja mtu alimwachia shungi la vitunguu mlangoni. Alilibeba hadi ofisini, akalitundika kando ya ubao na kipande cha boksi kilichoandikwa "Mwenyewe achukue." Mwenyewe, kwa aibu, hakutokea. Vitunguu vilichipua pale pale, vikarefuka, na mwishowe karani wa ushirika akaomba ruhusa ya kuvimwagilia. Mama Kipimo akamuuliza kama zamu yake imefika.

Watu hucheka mambo kama hayo, na wana haki ya kucheka. Lakini ni vizuri kukumbuka hali ilivyokuwa kabla yake. Mfereji ulikuwa na urefu wa kilomita saba. Waliolima karibu na banio waliitwa watu wa kichwani, na waliolima mwisho kabisa waliitwa watu wa mkiani. Maji yalipopungua, watu wa kichwani walimwagilia mpaka vyura wakahamia mashambani, na watu wa mkiani wakapokea matope na pole. Mtu asiyejua kama maji yatamfikia hapandi maharage wala viazi wala mboga. Anapanda kidogo kwa wasiwasi, au anafunga virago. Kwa hiyo kila kiangazi soko la mji ule mdogo lilikuwa na meza tupu, na hata hao watu wa kichwani, waliolima vitunguu tu kwa ajili ya malori, walikwenda kununua maharage ya mbali wakilalamika kwamba dunia imeharibika. Dunia haikuwa imeharibika. Wao ndio walikuwa wamekaa karibu mno na chungu.

Aliyelibadilisha jambo hilo alikuwa kaka yake Mama Kipimo, mtu wa kichwani mwenyewe, mwenye shamba la kwanza kabisa chini ya banio. Wakati huo alikuwa katibu wa ushirika. Aliandika sheria kwa mkono wake na kuisoma mkutanoni: maji yakisomeka chini ya mstari mwekundu, malango ya kichwani yanafungwa, sehemu ya maji inaachiwa mto, kwa kuwa mto una wenyewe huko chini, na yanayobaki yanaanza mkiani na kupanda kurudi juu, shamba kwa shamba, siku ishirini na nne. Mtu mmoja alimuuliza kwa nini waanze na wa mwisho. Kaka akajibu, "Aliye karibu na chungu ahudumiwe mwisho. Hata akisahauliwa, mkono wake unafika." Wakaipitisha kwa makofi. Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi, na sheria ya wakati wa shibe huwa haimuumi mtu.

Sheria ilihitaji mtu wa kuisimamia, na ndipo mdogo wake akapewa ufunguo. Wengi walinong'ona kwamba ni mambo ya kifamilia. Baada ya kiangazi cha kwanza, Mama Kipimo alipomfungia kaka yake lango mbele ya watu wote na kaka akamwambia, "Hivyo ndivyo," minong'ono iliisha. Miaka kumi na tisa ikapita. Watu wa mkiani wakapanda maharage, viazi, bamia, mchicha. Soko likajaa kiangazi na masika. Na watoto wakakua bila kujua kwamba zamani mambo hayakuwa hivyo, ambayo ndiyo dalili ya kazi iliyofanywa vizuri.

Mwaka tunaousimulia ulianza vibaya. Mwishoni mwa masika gogo kubwa lilikuja na mafuriko, likaipiga nguzo ya kipimo na kuivunja shinani. Maji yalipotulia, Mama Kipimo alimwita fundi mwashi. Alimsimamia mwenyewe, mabuti ndani ya maji, ameishika nguzo mpya kwa mikono miwili wakati fundi akimimina zege.

"Fundi, nataka imara," alisema. "Gogo likija tena, livunjike gogo."

"Mama, hii hata treni haiing'oi," alijibu fundi.

Na kweli ilikuwa imara. Fundi alikuwa ametengeneza msingi mpya wa zege juu ya lile jiwe ambalo nguzo ya zamani ilisimama, akaisimika nguzo mpya juu ya msingi huo. Wakasukuma, wakategemea, haikutikisika. Wakapongezana. Hakuna aliyetazama kitu kingine.

Kisha mvua za vuli hazikuja. Mto ukaanza kushuka, kidogo kidogo, kama mtu anayeondoka kwenye sherehe bila kuaga. Hamsini. Arobaini na tano. Jumatatu moja Mama Kipimo alichuchumaa, akasoma, akasoma tena, akapanda na kuandika ubaoni thelathini na tisa. Asubuhi hiyo hiyo alizungusha usukani wa malango yote ya kichwani mpaka yakagonga chini, akayatia kufuli, na maji yakaenda mkiani.

Kwa ratiba ya kawaida, zamu ya kaka yake ilikuwa ifike Jumatano.

Mwaka huo kaka alikuwa amepanda vitunguu shamba zima. Vilikuwa vimefikia wiki ile ambayo kitunguu kinaanza kuvimba chini, wiki ambayo kikikosa maji kinabaki kidole, na kidole hakimlishi mtu. Kaka alikuwa na miaka sitini na saba. Hilo shamba ndilo lililokuwa mwaka wake mzima. Jumatano asubuhi alimkuta dada yake kwenye banio, bado amechuchumaa.

"Hujambo, mdogo wangu."

"Sijambo, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Inasemaje?"

"Thelathini na saba."

Kaka alikaa juu ya ukuta wa banio, akavua kofia. Alitazama maji yanavyopita mbele ya shamba lake kwenda kwa watu wengine. "Nakuomba saa mbili," alisema. "Mbili tu. Hayo majani ya juu yameanza kulala."

"Kaka, ubao umeshasema."

"Ubao si mama yako. Mama yako nilikuwa mimi."

Hakuna neno ambalo lingemchoma zaidi, kwa sababu lilikuwa la kweli. Mama yao alifariki Mama Kipimo akiwa na miaka minne na kaka kumi na saba. Kaka aliacha shule akabeba matofali ili yeye asome. Alimsuka nywele vibaya, akachekwa, akajifunza kumsuka vizuri. Mama Kipimo alibaki ameinamisha kichwa. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nikikufungulia wewe, kesho nitamfungulia nani? Na mkiani nitawaambia nini?"

Kaka alivaa kofia yake. "Basi mto umekataa," alisema. "Mto ukikataa, mtu hana la kusema. Basi." Akaondoka. Na siku ya pili yake, wanawe wawili walipochukua majembe wakitaka kutoboa ukingo wa mfereji, aliwarudisha kwa fimbo, watu wazima wenye ndevu.

Mkewe hakuwa mpole kiasi hicho. Alikutana na Mama Kipimo sokoni mbele ya meza ya maharage.

"Wifi, hujambo? Naona unanunua maharage ya mkiani."

"Nanunua, wifi. Sipokei, nanunua."

"Kula, kula ushibe. Sisi huku kichwani tunakula ubao."

Wauza maharage wakaangua kicheko. Mama Kipimo alilipa, akafunga kanga yake vizuri, akaenda zake. Kuchekwa hakukumsumbua. Alikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika hulala usingizi.

Siku ya tisa tangu kufunga malango alitembea hadi mwisho wa mfereji kukagua. Shamba la mwisho kabisa lilikuwa la mzee mmoja ambaye kila mtu alimwita Mwisho wa Reli, kwa sababu baada yake hakuna kitu, ni vichaka na mbingu. Maharage yake yalikuwa yametoa maua. Alimletea Mama Kipimo kigoda, ambacho alikikataa, na maji ya kunywa, ambayo aliyakubali kwa kuwa yalitoka kisimani.

"Mwanangu, mwaka huu kiangazi kina adabu," alisema mzee. "Maji yalikuja na nguvu! Sikumaliza hata chai, shamba limejaa. Nikamwambia mke wangu, bi mkubwa, leta kikombe cha pili, na hicho nacho hatukukimaliza."

Mama Kipimo alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Shamba la Mwisho wa Reli alilijua kama kiganja chake. Maji yakiwa karibu na arobaini, shamba lile hujaa kwa saa nne, na muda wa saa nne ni asubuhi nzima. Halijawahi kujaa kwa muda wa chai.

"Lilijaa kwa saa ngapi, mzee?"

"Mbili. Mbili na nusu tukizidisha. Kwani vipi? Nimepewa ya mtu?"

"Hapana, mzee. Hukupewa ya mtu."

Alirudi kilomita saba bila kusalimia watu, jambo ambalo watu walilitazama kwa mshangao. Alishuka kwenye banio saa saba mchana, jua la utosi, akaingia majini na kuipapasa nguzo kuanzia namba hadi chini, kama daktari anavyopapasa mguu uliovunjika. Vidole vyake viligusa ukingo wa msingi mpya wa zege. Akaupima kwa mkono. Vidole vinne, sawa na namba saba za nguzo. Sifuri ya nguzo ilisimama juu ya msingi ule, na si juu ya jiwe la zamani. Nguzo nzima, namba zote, mstari mwekundu na vyote, vilikuwa vimepanda vidole vinne juu ya mahali pake. Mto ulipokuwa na arobaini na sita ya kweli, yeye alikuwa amesoma thelathini na tisa.

Hakuamini mkono wake peke yake. Alimwita fundi, aje na ule mpira wake mwembamba wa kuonea maji, ambao mafundi huutumia kusawazisha kuta: unajaza maji, ncha moja hapa, ncha moja pale, na maji hayamdanganyi mtu. Walilinganisha sifuri ya nguzo na kizingiti cha lango kuu, mara tatu. Mara ya tatu fundi aliuweka mpira chini, akajikuna shingo.

"Mama, mimi uliniambia imara. Habari ya sifuri hukunigusia."

"Ni kweli. Sikukugusia."

"Na uliishika wewe mwenyewe."

"Niliishika mimi mwenyewe. Nenda, fundi. Kosa si lako."

Alikaa juu ya ukuta, mahali pale pale alipokaa kaka, akapiga hesabu ya siku. Mto ulikuwa umeshuka namba moja kila siku. Kwa kipimo cha kweli ulivuka mstari mwekundu siku ya nane, yaani jana. Alikuwa amefunga malango ya kichwani siku saba kabla ya wakati wake. Katika siku saba hizo kaka yake angepata zamu moja, ile ya Jumatano, na zamu moja ndiyo iliyokuwa tofauti kati ya kitunguu na kidole. Na sasa, hata kama angetaka kumrudishia zamu yake, mto ulikuwa thelathini na nane ya kweli. Sheria ile ile iliyovunjwa bila mtu kujua sasa ilikuwa imeanza kufanya kazi kwa haki. Kumfungulia leo kungekuwa kuwaibia wa katikati, ambao zamu yao ilikuwa njiani na mahindi yao yalikuwa yametoa mbelewele.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa ushirika. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya mbao, mizani ya kupimia mbegu, na kabati ambalo mlango wake ulishikiliwa na kipande cha gazeti. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafunga dirisha.

"Nani mwingine anajua?"

"Fundi."

"Fundi nitazungumza naye. Sikiliza, mama. Kesho simika nguzo upya, taratibu. Andika namba mpya. Mito hupanda na kushuka."

"Mto upande vidole vinne kwa siku moja na mawingu hayapo? Hata mtoto wa chekechea atacheka."

"Acheke. Unajua watu wa kichwani wamekaaje? Wanasubiri kosa moja. Ukisimama ukasema ulifunga kimakosa, kesho kufuli zinavunjwa, na mkiani kuna kaya mia tatu zina maharage kwenye maua. Mia tatu! Unataka kuwaangamiza kwa sababu ya usafi wa roho yako?"

Hilo halikuwa swali la kipuuzi, na Mama Kipimo hakulichukulia hivyo. Alilifikiria akiwa amesimama, mkono kwenye ile kamba ya shingoni. Wengi wangeona hapo mlango wa kutokea, maana ulikuwa umefunguliwa na mtu mwenye cheo na ulikuwa na sababu nzuri imeandikwa juu yake. Uongo mwingi mkubwa huingia duniani kwa mlango huo huo, ukiwa umevaa nguo za huruma.

"Mwenyekiti," alisema, "kaka yangu amekubali kukauka kwa sababu alidhani ni mto. Hao watu wote wanaufuata ubao kwa sababu wanajua ni mto unaosema, mimi ni mdomo tu. Siku wakijua, na watajua, kwamba mdomo ulidanganya ukajua umedanganya, hakuna atakayesoma ubao tena. Hapo ndipo kufuli zitavunjwa, na hazitafungwa tena. Itisha mkutano."

"Na kama sitaitisha?"

"Nitaandika ubaoni. Chaki ninayo."

Mkutano ulifanyika siku ya pili, saa nne asubuhi, kwenye ghala la mbegu. Walikuja watu wa kichwani, wa katikati na wa mkiani, wakakaa makundi matatu kama kawaida yao, juu ya magunia na ndoo zilizopinduliwa. Ubao ulikuwa umeletwa ndani. Mama Kipimo alifanya kitu ambacho hajawahi kufanya kwa miaka kumi na tisa: alichukua kitambaa, akafuta namba kwa sababu haikuwa ya kweli, kisha akaandika safu mbili. Huku namba alizosoma, huku namba za kweli. Akaeleza habari ya msingi, ya jiwe, ya vidole vinne. Hakumtaja fundi isipokuwa kusema kwamba alifanya alichoagizwa.

Kelele ilipasuka.

"Tulisema! Tulisema tangu mwanzo!" alipiga kelele mtu mmoja wa kichwani. "Sheria ya mkia! Tangu lini mkia ukatangulia kuingia mlangoni?"

"Na kichwa chako kikitangulia kinafanya nini huko zaidi ya kula?" alijibu mwanamke wa mkiani.

"Sheria ifutwe! Kufuli zitolewe!"

Ndipo kaka alipoinuka. Alikuwa amekaa karibu na mlango. Watu wakageuka kumtazama, maana kila mtu alijua ni shamba la nani limekauka.

"Leo ni ngapi?" aliuliza. "Ya kweli."

"Thelathini na saba," alisema Mama Kipimo.

"Kwa hiyo zamu yangu hairudi."

"Hairudi, kaka. Ikirudi inatoka kwa mtu mwingine asiye na hatia."

Alimtazama dada yake. Kisha akageuka akawatazama watu wa kichwani, wenzake. "Sheria niliiandika mimi," alisema. "Sheria haikukosea. Atakayevunja kufuli, mimi nitakuwa shahidi dhidi yake. Aliyekosea ni mtu. Mtu huyo anyang'anywe ufunguo." Akamgeukia tena dada yake, na alipoendelea alikuwa akizungumza naye peke yake. "Mimi nilikaa nikavitazama vitunguu vinakauka, nikisema ni mto. Nikawapiga wanangu kwa ajili yako. Kumbe haukuwa mto."

Akavaa kofia, akatoka.

Kufuli hazikuvunjwa. Mama Kipimo aliitoa ile kamba shingoni, akaiweka mezani mbele ya mwenyekiti. Lakini hakukaa. Alimwomba karani kitabu cha sheria, na karani alipoanza kusitasita alimfungulia ukurasa mwenyewe na kusoma kwa sauti: yeyote atakayefunga au kufungua lango kinyume cha kipimo atapoteza zamu zake za msimu, na zamu hizo atapewa aliyedhulumiwa. Mwenyekiti alisema kifungu hicho kiliwekwa kwa ajili ya wezi wa maji.

"Kimeandikwa 'yeyote,'" alisema Mama Kipimo. Yeye naye alikuwa na ekari moja ya mahindi katikati ya mfereji, na zamu yake ilikuwa siku tatu mbele. "Zamu zangu zote ziende kwa kaka. Hizo ni zangu, hazimdhulumu mtu."

Siku ilipofika, kaka hakwenda shambani. Alisema hahitaji maji ya kuonewa huruma. Mkewe alimsikiliza, akafunga kanga kiunoni, akachukua jembe. "Kiburi ni cha wanaume," alisema, "vitunguu ni vya watu wote." Akafungua mwenyewe mlango mdogo wa shamba, akamwagilia kwa maji ya ekari moja yale aliyoweza: matuta sita ya ukingoni, yaliyokuwa bado na uhai. Jioni alimpitia Mama Kipimo, akasimama uani, hakuingia.

"Yamefika," alisema. "Sikuja kukushukuru."

"Najua, wifi."

"Nimekuja kukuambia yamefika."

Tangu hapo nguzo husomwa na watu wawili, mmoja wa kichwani na mmoja wa mkiani, na kila mwaka baada ya masika fundi huleta mpira wake kulinganisha sifuri na kizingiti mbele ya watu. Sheria ya kuanzia mkiani ipo mpaka leo. Kiangazi kile, ambacho wazee wanakihesabu kuwa kibaya kuliko vyote wanavyovikumbuka, meza za sokoni hazikuwa tupu hata wiki moja, na watu wa mbali walikuja kununua maharage pale. Walioyala hawakuuliza yalifikaje mezani. Watu hawaulizi.

Mama Kipimo analima ekari yake na kusoma ubao kama mkulima mwingine yeyote. Jina limembakia; kazi haikumrudia, wala hakuiomba. Msimu ule alipoteza mahindi yake yote, akanunua chakula mwaka mzima. Alipoteza ufunguo alioubeba miaka kumi na tisa. Na alimpoteza kaka aliyemlea: wanasalimiana njiani, anamwamkia, naye anaitikia, lakini ni mwaka wa sita sasa na kaka hajavuka kizingiti cha nyumba ya dada yake.